Uzi Anaouvuta Neema

Jumapili, ulezi umeanikwa

Bado mwanangu anang'ang'ania mjukuu wangu Neema asirudi chuo kikuu, akakae kwenye duka lake la mitumba pale Majengo.

"Umeme wenyewe haujafika hapa Mwimbi," alimcheka kwa masomo yake ya chuoni, "wewe unaupitisha kwenye uzi usioonekana kwa macho?"

"Ndiyo, baba. Tunauvuta tuone. Ukikazwa sana, umeme unapita kwa taabu. Ukilegezwa, unapita vizuri."

Mimi wa kisomo cha watu wazima uzi huo sikuuelewa, wala sijidai. Ila kukazwa nakujua. Nikamwambia mwanangu, "Likizo nzima umemkaza mtoto. Mlegeze, mjinga wewe."

Akasema basi, arudi. Naogopa asubuhi atageuka.

Na ageuke. Namsindikiza Neema stendi mwenyewe. Kuku wakivamia ulezi, awafukuze huyo baba yake.