Shujaa wa Kike Aliyenyimwa Nguo

Mwanangu Upendo,

Nakusalimu kutoka Tunduma, malori foleni na baridi ya kutetemesha. Jana mvua ilinikimbiza nikajibanza kwenye banda la gemu. Sifa, binti anayeuza vitenge jirani, alikuwa akipigana kwenye skrini na binamu yake aliyevuka kutoka Zambia. Askari wa binamu alivaa chuma mwili mzima. Wa Sifa alikuwa na sidiria tu, kifua kikirukaruka.

Sifa akaacha kubonyeza. "Huyu anakwenda vitani au kuogelea?"

Vijana wakacheka. Binamu akamtetea shujaa: "Lakini ana nguvu kuliko wote! Hata mimi humchagua."

"Hata mimi nampenda. Ndiyo maana nataka avae."

Binamu akamtazama tena yule dada kwenye skrini. "Kweli," akasema, "mkuki mmoja tu, kwisha."

Nikawaambia mwanangu huchora mashujaa wa gemu, na bosi wake anamlazimisha awapunguzie nguo. Sifa akanishika mkono.

"Mama, mwambie asikubali. Wachezaji wa kike tupo."

Basi nimekufikishia. Mungu akutie moyo, mwanangu, na ule vizuri.

Mama yako