Dhoruba ya Jua Juu ya Kisumu

Ijumaa, 7 Novemba

Saa tatu nimepanda paa la maabara, kama kila Ijumaa. Nimefuta antena. Wadudu wa ziwa walikuwa wameifunika kama masizi. Wanafunzi huniuliza inashika stesheni gani. Haishiki stesheni. Inasikiliza setilaiti, na kwa jinsi mawimbi yake yanavyochelewa njiani tunajua hali ya hewa ya juu kabisa, kule ndege hazifiki.

Mdogo wangu Atieno ana chombo kama hiki karibu na Ncha ya Kaskazini. Yeye ni mtafiti, mimi fundi wa maabara chuoni. Kila wiki tunalinganisha vipimo.

Mama hajaongea naye tangu Machi. Tulimzika Baba bila yeye. Theluji ilizuia ndege siku nane. Mama hataki kusikia habari ya theluji. "Mtoto gani anachunga hewa baba yake akizikwa?" Nimechoka kuwa katikati yao.

Jumatatu, 10 Novemba

Saa saba mchana redio ya masafa mafupi ya maabara ilinyamaza ghafla. Mstari kwenye skrini ya chombo ukapanda wima. Nilidhani nimeharibu kitu. Nikatoka nje. Jua la kawaida, watu wanakula chapati. Hakuna aliyejua. Jua lilikuwa limelipuka, na dakika nane baadaye mwanga wa mlipuko ukatupiga sote vichwani.

Atieno ameandika. Wingu la chembe za jua liko njiani, kubwa, labda litafika Jumatano asubuhi. "Usizime chombo, dada. Huku tutaona linapoingia. Bila Kisumu hatutajua linafika wapi."

Sijaweza kula.

Jumanne, 11 Novemba

Transfoma imelipuka. Hakuna umeme chuoni hadi Alhamisi. Betri ya akiba haimalizi hata saa moja. Nimezunguka mtaa wa Kondele wote, kila mwenye betri anaihitaji. Nimelia juu ya boda boda. Aibu.

Betri nzuri ninayoijua ni ya Mama, nyumbani kwake Kaloleni. Inawasha taa za kuwapa vifaranga wake joto. Sikutaka kumwomba. Nimemwomba. Nikamwambia ukweli, kwamba ni kazi ya Atieno.

 Akaanza kufungua nyaya mwenyewe. "Nitawawekea jiko la makaa. Lakini wakikufa, wewe na yeye mtanijua."

Jina hakulitaja. Lakini amesema "yeye".

Jumatano, 12 Novemba

Mama aling'ang'ania kuja. Eti kuiangalia betri yake.

Saa mbili kasorobo asubuhi mstari ulianza kutetemeka. Ukaanguka, ukapanda, ukaanguka tena. Miaka sita kazini, sijawahi kuona hivyo. Simu ikaita. Atieno, kwa video.

"Dada, kwako pia? Sasa hivi?"

"Sasa hivi!"

Dakika ileile. Yeye kwenye barafu, mimi kwenye ikweta, na anga moja inatikisika.

Akageuza simu juu. Nyekundu. Anga yote nyekundu, na mapazia ya kijani yakipita ndani yake bila sauti.  Nyuma yangu Mama akasema, "Nyasaye." Mungu. Akanipokonya simu.

"Atieno. Ni wewe uko chini ya hiyo kitu?"

"Ni mimi, Mama."

"Haikuchomi?"

"Haichomi. Iko juu sana."

 Picha ilikuwa inachezacheza, Atieno analia. Mama alitazama mpaka mtandao ukakatika. Hakuna aliyemwambia mwenzake pole.

Miaka hii yote nimekuwa nikichora mistari ya kitu hicho bila kujua kina sura. Najiona mdogo sana leo. Nimefurahi kuwa mdogo.

Ijumaa, 14 Novemba

Umeme ulirudi jana. Vipimo vyote vya dhoruba vimefika kwa Atieno, hakuna hata dakika yake iliyopotea. Vifaranga watatu wamekufa. Mama hajatulaumu.

Jioni tulikula omena, dagaa wa ziwani, kwake. Akauliza huko kwa Atieno kumekucha saa ngapi. Nikamwambia hakujakucha. Jua halitachomoza hadi Februari.

Akaacha kula.

"Na nani anampikia?"

Nikasema sijui. Akapangusa mikono kwenye leso, akaniambia nimpigie.