Mtumiaji wa Kawaida

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka na kompyuta ya watu wote! Leo nimefungua kazi yangu ya kadi za harusi — matangazo yamejaa kioo kizima, hata maua ya bi harusi hayaonekani. Mume wangu ameweka programu ya "kuongeza kasi". Anafundisha watu kuendesha gari, angalau huko anajua breki iko wapi. Nimefuta takataka zake, nikamfungulia kila mtu akaunti yake. Mimi ndiye msimamizi: bila ruhusa yangu programu haiingii. Yeye na mama mkwe ni watumiaji wa kawaida. Mama kafurahi, mchezo wake wa karata uko palepale. Raha iliyoje.

Jumanne, 4 Machi

Vita. Mume kaona "mtumiaji wa kawaida" chini ya jina lake. Kauliza, nani hasa msimamizi wa nyumba hii? Nikamwambia wa nyumba ni yeye, wa kompyuta ni mimi. Akasusa chakula — yaani alikula, ila kwa kununa. Jioni nikachoka, nikampandisha cheo. Sasa tuko wasimamizi wawili. Kaenda kuoga anapiga mluzi.

Mama mkwe akacheka, akasema fahali wawili hawakai zizi moja. Alikuwa anamsema mwanawe. Mwanawe akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa ushauri mzuri.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshushwa! Nimewasha kompyuta, chini ya jina langu: mtumiaji wa kawaida. Sikuulizwa, sikuambiwa. Mume anasema kafuata ushauri wa mama. Mama anasema asimtie kwenye mambo yake ya kompyuta. Mume kaongeza kwamba nisihofu, nikitaka kitu nimwombe tu, mlango wake uko wazi. Mlango upi? Tunalala chumba kimoja.

Nimekasirika kwelikweli. Lakini kazi zangu zinafunguka, basi nimeendelea na kadi.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Printa yangu imekufa asubuhi. Nimeazima ya jirani. Kompyuta haiitambui mpaka iwekewe programu yake, na programu haiingii bila neno la siri la msimamizi. Bi harusi anafuata kadi kesho asubuhi. Kashapiga simu. Nikamwambia kila kitu kiko sawa. Mungu anisamehe.

Mume karudi mchana. Nikamwomba kwa adabu zote. Akataka mimi na mama tugeukie ukutani, ati pasiwedi ni siri. Tukageuka, watu wazima, tukatazama ukuta. Akaandika. Imekataa. Akaandika tena, polepole. Imekataa. Mama akauliza kama bado, shingo inamuuma.

Nikageuka. Kwenye kioo kimetokea kidokezo alichojiwekea mwenyewe siku ile alipoweka neno la siri: "Tarehe ya harusi yetu."

Hasira zote zikaniisha. Nilitaka kumkumbatia! Nikamsogeza, nikaandika siku, mwezi, mwaka.

Imekataa.

Nikarudia, tarakimu moja moja. Imekataa. Nikamtazama. Yeye akaitazama printa.

Kumbe juzi, akiweka neno la siri, tarehe aliikisia. Leo kakisia tena, na makisio hayakukutana. Nimeumia, na wakati huohuo nacheka, sijui nianze na lipi. Nimemuuliza siku ile aliandika tarehe gani. Hataki kuitaja mbele ya mama yake. Mama anasema yeye anaikumbuka harusi ile vizuri sana, viatu vilimbana kutwa nzima.

Sasa yuko nje na simu, anamnong'oneza dada yake. Najua anachouliza. Wifi atamtajia tarehe ya kweli, na ya kweli nimeshaijaribu. Hapa inatakiwa ile ya kwake.

Amerudi, uso umechangamka. Anasema tarehe hakuisahau hata siku moja, ni vidole tu viliteleza. Ameketi. Anaandika kwa kujiamini kabisa. Simu yangu inaita — bi harusi.