Sahani ya Mzeituni Mbichi

Taddart Ufella, 3 Septemba

Mama mpenzi,
Shikamoo. Dada Ouardia na watoto wake hawajambo huko Lyon? Sisi wazima, ila tunakohoa moshi.

Habari hizi bora uzisikie kwangu kuliko kwa watu. Moto umepanda mlima ukala mizeituni yetu yote, na mzeituni wa bibi umo. Nimeukata mwenyewe. Moyo wake bado mzima, nikauburura hadi karakana. Tafadhali usije. Hakuna cha kutazama.

Mwanao,
Mokrane

Lyon, 20 Septemba

Mwanangu,
Sijambo. Miguu imegoma, mdomo bado. Nimelia sana. Lakini hiyo "usije" yako vipi, kwani nakuja kudai mahari?

Chini ya mti ule nilikula kuskusi ya harusi yangu, sahani moja na bibi yako. Alikuwa akinisogezea nyama kwa kijiko bila kunitazama. Ndipo nilipojua nitaweza kuishi kwenu. Kama hutaki nije, basi nikerezee sahani ya mti huo, kubwa, ya kulia sote. Iwe mwaka huu.

Mama yako

Taddart Ufella, 1 Oktoba

Mama,
Shikamoo, na pole na miguu. Uliolewa na mkerezaji, ukazaa mkerezaji, halafu unaniomba nikereze mti mbichi? Baba angenitandika. Mti huu unataka miaka mitatu ya kukauka kivulini. Nikiukereza sasa, sahani itapinda kama kofia iliyokaliwa. Subiri kidogo.

Mwanao

Lyon, 14 Oktoba

Mokrane,
Gogo lina miaka mitatu ya kusubiri. Mimi si gogo.

Mama yako

Taddart Ufella, 9 Novemba

Mama,
Shikamoo. Nimesalimu amri. Hocine wa dukani anakuletea sahani. Nilipokuwa nakereza, maji ya mti yalinirukia usoni, na karakana ikanukia kama siku ya kukamua mafuta. Nilikukumbuka mno. Jina langu sikulichora chini, naona haya. Ipake mafuta, iweke mbali na joto.

Sasa mti unao huko huko, tulia kwa Ouardia. Sikukwambia: moto ulifika hata jikoni kwako. Ukuta umeanguka. Sitaki uuone.

Mwanao

Lyon, 1 Desemba

Mwanangu,
Natumai u mzima. Sahani imefika. Imepinda kweli, mchuzi wote unakimbilia upande mmoja na wajukuu wanagombania kukaa hapo. Juzi ikapasuka tukiwa tunakula. Nyumba za huku hupashwa moto kutwa, haikustahimili.

Ulinitumia mti ili nisije. Kumbe tangu ifike, harufu yake hainipi usingizi, nataka kwetu. Na huo ukuta unaonifichia, nani alikwambia nilizaliwa nao? Nilipoolewa, jiko lile halikuwa na ukuta. Nilipika na upepo mwaka mzima, mpaka baba yako alipoujenga nikiwa na mimba yako.

Ouardia amenuna, lakini tiketi amekata. Nafika tarehe kumi na tisa. Wewe anza kukusanya mawe.

Mama yako