Mvi Zangu, Umri wa Mama

Jumapili, 3 Machi

Leo tena. Bafuni, mimi na Mama, mlango umefungwa kama tunapika pombe haramu. Naanza na yeye, halafu mimi. Mama kwenye kiti cha plastiki, taulo bovu shingoni, mafuta ya mgando kwenye paji la uso ili ngozi isishike weusi. Brashi yetu ni mswaki wa zamani wa mume wangu. Anadhani ulienda jalalani.

"Kisogoni umeruka," anasema Mama. Kisogoni hana macho lakini anaona.

Ana miaka sabini na minne, nywele nyeusi kuliko zangu za siku ya harusi. Tangu Baba afariki na yeye ahamie kwetu, hajakosa hata mara moja. Anaweza kusahau dawa ya presha. Rangi hasahau.

Safari hii boksi jipya, lile la siku zote dukani limekwisha. Muuzaji kasema hii ni kali, inashika papo hapo. Kwenye boksi kuna mwanamke anacheka. Sijawahi kumwona mtu anacheka na hiyo kitu kichwani! Inawasha. Mama kasema kuwasha ndiyo kushika kwenyewe.

Mume wangu kagonga mlango, anataka kunyoa ndevu. Kauliza kama hili bado ni bafu au limeshakuwa karakana. Yeye kichwani hana hata unywele mmoja, na hakuna aliyemwekea kikao.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamka sioni. Nikadhani umeme umekatika. Kumbe ni macho — yamevimba, yamefunga! Paji la uso limeumuka kama unga wenye hamira. Masikio yanatoa majimaji. Mume wangu kaniangalia mara moja. Kisha kachukua funguo za gari.

Daktari ni msichana, wa kumzaa. Kauliza nimepaka nini. Nikasema rangi, kidogo tu. Kanichoma sindano, kaniambia mwili umeikataa na hautaikubali tena, iwe boksi gani. Leo ni uso, safari ijayo huenda ikawa koo. Hata hizo zinazoitwa za asili, nyingi zimechanganywa vilevile. Nisiguse.

Sasa nifanye nini? nikamuuliza.

"Usifanye kitu, mama."

Usifanye kitu! Miaka ishirini nimekuwa nafanya kitu!

Nyumbani, Mama katoa uamuzi wake: mdudu. Mdudu kaniuma usingizini. Mbona yeye hajavimba, na rangi ni ileile?

Alhamisi, 14 Machi

Nimerudi kazini. Uso umerudi, ngozi inabanduka kama ya kitunguu.

Ukifanya kazi duka la miwani huna pa kujificha. Vioo kila ukuta. Mtu akijaribu fremu, mimi ndiye ninayeinama kurekebisha pale nyuma ya sikio, kichwa changu kiko puani kwake. Na mstari umeshatokea, katikati kabisa, mweupe kama chaki.

Leo mama mmoja kajaribu fremu ya kahawia. Kasema inamzeesha. Alikuwa hatazami kioo. Alikuwa ananitazama mimi.

Halafu bosi, ambaye ni mdogo kwangu, kanivuta pembeni kwa upole, kauliza kama nyumbani ni salama. Salama! Ni nywele! Mvi za upana wa uzi na watu wanadhani umefiwa.

Jumapili, 24 Machi

Mama kanitangazia vita. Mwanzo wa wiki kaniletea kofia. Kofia ya sufu, kwenye joto hili! Ikaja skafu. Juzi wigi, kaazima kwa jirani, lina harufu ya marashi ya mtu mwingine. Leo asubuhi kaniwekea boksi juu ya mto. Lina picha ya jani.

"Hii ni majani matupu," anasema.

Nimemsomea maandishi ya ubavuni, yale madogo, kwa miwani yangu ya kazini. Majani ni neno la kwanza. Baada yake kuna maneno ambayo hata kuyatamka ni kazi.

"Mama, daktari alisema koo litafunga."

"Madaktari! Walimwambia baba yako aache chumvi. Akaacha. Yuko wapi?"

Nimemrudishia boksi lake.

Sielewi. Nywele ni zangu, anayekonda ni yeye. Mezani hali, ananikodolea macho kichwani. Nimemwambia mume wangu labda ni uzee. Kasema niseme taratibu, uzee una masikio.

Jumatano, 27 Machi

Nimeelewa! Ningekaa bila kuelewa ningekuwa na raha zaidi.

Kichwa kiliniuma, nikarudi mapema. Mlangoni nikasikia kicheko. Cha msichana. Nikadhani redio. Ni Mama, kajilaza kwenye kochi, simu sikioni, "Aa, niondolee utani wako!" Kicheko hicho sijakisikia tangu Baba alipokuwa hai. Kaniona, kakata.

"Wamekosea namba," kasema.

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake. Nikamwambia mimi siendi popote.

Kuna mzee. Mpima ardhi mstaafu, mkewe alishafariki. Wamekutana hospitali kwenye mazoezi ya goti — la kwake la kulia, la Mama la kushoto — wanasubiri zamu benchi moja. Sasa anataka kuja nyumbani, awaone watu wake.

Nikafurahi! Haki ya Mungu nilifurahi, karibu dakika nzima. Nikamkumbatia.

"Ila," Mama akaniambia begani, "nimemwambia nina sitini na miwili."

Mimi nina hamsini na mitano.

"Mama! Ulinizaa una miaka saba?"

"Si ndiyo maana nakwambia upake!"

Kumbe! Kofia, skafu, wigi, jani — yote hayo kwa sababu mvi zangu zinamchongea. Niliyevimba ni mimi, aliye hatarini ni yeye!

Mume wangu nimemsimulia tunakula. Maji yamemtoka puani. Nimemkataza kusema neno. Kasema hata angetaka, hana.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimekata.

Nilichoka kuwa rangi mbili. Msusi wa mtaa wa nyuma kauliza mara mbili: zote nyeusi? Zote. Zikawa zinaanguka miguuni, nami nazitazama kama vitu vya mtu anayehama. Kilichobaki kichwani ni kifupi, cheupe-cheupe, kote. Sio mvi mbili tatu za kusema zinapendeza. Kote! Miaka yote hiyo chini ya ile rangi palikuwa na huyu mtu, na sikuwahi kumwona.

Sikulia. Niliomba maji ya kunywa. Msusi kapitisha kiganja, kasema ni laini. Ni kweli, laini. Upepo ulipita shingoni wakati nafungua mlango, nikasimama tu pale kizingitini, mpaka mteja mwingine kaomba njia.

Njiani nilitunga hotuba ya kumpa Mama. Nywele ni zangu, koo ni langu, uongo ni wako. Nzuri sana. Ina mpangilio.

Mume wangu kanizunguka kama mtu anayekagua gari lililotumika. "Kumbe una shingo," kasema. Miaka thelathini ya ndoa!

Mama katoka chumbani, kafika katikati ya korido, kashika ukuta. Nikajiandaa kwa makelele. Hakuna. Kaja taratibu na lile goti, kaweka kiganja kichwani kwangu, kama anavyopima homa.

"Juzi tu nilikuwa nakusuka," kasema. "Ulikuwa unapiga ukunga mpaka majirani wanakuja kuuliza."

Kiganja bado kipo kichwani kwangu.

"Mtoto wangu mzee. Sasa mimi ni nani?"

Karudi chumbani, kafunga mlango. Hotuba sikuitoa. Ningeipeleka wapi?

Ila nimekasirika, niandike ukweli. Hata siku ya nywele zangu mwenyewe, mwenye kuonewa huruma ni yeye.

Jumamosi, 20 Aprili

Kesho mgeni anakuja. Nyumba imesuguliwa, mapazia yamefuliwa, mto wa kochi umegeuzwa upande usio na doa.

Na Mama anataka kupakwa.

Nimemkumbusha: siguswi na hiyo kitu. Basi atajipaka mwenyewe! Kajifungia. Tukasikia kitu kimeanguka, kisha kimya, kisha jina langu. Nimemkuta sikio la kushoto jeusi tii, shingoni mstari umeshuka kama mkia wa mjusi. Kaninyooshea ule mswaki bila kunitazama.

Glavu jozi mbili, moja juu ya nyingine. Kitambaa puani. Dirisha wazi. Mume wangu kasimama nje ya mlango anasoma maelekezo kwa sauti ya mtu wa taarifa ya habari, na katikati ya kila sentensi anapachika: mke wangu acha, nitaita teksi impeleke saluni. Mama kasema saluni watu wana midomo.

"Kesho," Mama kaanza.

"Najua."

"Mwambie wewe ni mdogo wangu."

Mswaki ulinitoka mkononi. "Mdogo wako? Na kichwa hiki?"

"Mdogo aliyepata shida."

"Mama, mwambie ukweli! Mtu mwenyewe goti bovu, atakimbilia wapi?"

Nikadhani kanuna. Halafu kasema, ameinamia beseni kwa hiyo sikuona uso. Kasema Baba alipofariki watu wote walianza kumsemesha kwa sauti kubwa, kama kiziwi. Kumshika mkono kwenye ngazi. Kumuuliza amekula? Nami nimo: "Wewe ndiye wa kwanza," kasema. Yule mzee anamtania. Anamwambia anadanganya kwenye mazoezi, hanyanyui mguu mpaka juu. "Akijua, na yeye ataanza kunishika mkono."

Nilikuwa nimeshika mkono wake. Nikauachia. Sikujua niuweke wapi wangu.

Nikamsuuza. Kasema maji ya baridi.

Mikono yangu haijawasha mpaka sasa. Mume wangu haongei na sisi wote wawili.

Jumapili, 21 Aprili

Jikoni. Naandika nimesimama, daftari juu ya friji. Nikikaa nitacheka au nitalia, na huko sebuleni watasikia.

Kaja mapema! Mume wangu nilikuwa nimemtuma soda, wakapishana njiani, sasa hayupo. Tukafungua sisi wawili. Mzee kichwa cheupe pee, nyusi nyeupe, shati limepigwa pasi mpaka lingeweza kusimama lenyewe. Kaleta maua ya kwenye chungu, ili yasife haraka, kasema. Nikampenda hapohapo, na hiyo ikazidi kuniudhi.

Mama na gauni jipya.

"Karibu sana. Na huyu ni . . ."

Kanitazama. Mzee kanitazama. Kichwa changu kinawaka kama taa. Nikangoja "mdogo wangu". Nilikuwa nimeamua: akisema, naondoka, napita katikati yao, nakwenda kwa jirani.

". . . dada yangu. Dada mkubwa."

Mkubwa!

Na mzee wa watu, ambaye hana upungufu wa miaka sabini na mitano, kainama na lile goti lake:

"Shikamoo, dada."

Nilikuwa na njia nyingi. Kucheka. Kusema, baba, mimi ni mtoto wake. Nikamtazama Mama. Hakuwa ananiomba. Kainua kidevu, kama mtoto ambaye kikombe ameshakivunja na anasubiri kofi lake.

Nikasikia mdomo wangu:

"Marahaba."

Marahaba! Mimi! Na kana kwamba haitoshi, nikaongeza, sijui ilitoka wapi: "Pita ndani, mdogo wangu amekungoja sana."

Mdogo wangu! Mama yangu mzazi!

Sasa wako sebuleni. Anasimulia alivyokuwa anapima shamba, ng'ombe akala karatasi ya ramani na mpaka wa watu ndani yake. Mama anacheka kile kicheko. Mzee kauliza kwa adabu kama dada ana watoto. Anao, kasema Mama, wakubwa. Hilo angalau ni kweli.

Mama kaja hapa mara moja, kujifanya anatafuta kijiko. Hakusema asante. Kanirekebisha kola, kaniambia nisimame wima, kaondoka.

Maji yanachemka. Vikombe vitatu nimepanga — hapana, vinne, mume wangu! Geti limelia. Ni yeye na soda zake. Anajua ile sitini na miwili. Hajui kwamba tangu muda mfupi uliopita amemwoa dada mkubwa wa mama mkwe wake. Na simu kaiacha hapa, juu ya meza, naiona. Kumwahi ni lazima nipite sebuleni, mbele yao, mbio, na heshima yote hii kichwani.

Miaka thelathini hajawahi kuingia alipo Mama bila kumwamkia kwanza. Kwa sauti inayofika nyumba ya tatu.

Anafuta viatu mlangoni. Anakohoa kidogo, anavyokohoa siku zote kabla ya kusema