Sweta la Kiwiko Chekundu

Gwangju, 12 Novemba 1979

Mdogo wangu Pil-ho,

U mzima huko kambini? Mimi mzima, ila vumbi la nyuzi kiwandani bado linanikohoza. Boksi la nguo zako za kiraia limefika, kama jeshi linavyomrudishia kila mzazi wa askari mpya. Wenzako wana mama wa kulilia nguo zao. Wewe una mimi, basi nimelia na zamu ya marehemu mama hadi sweta lako la kijani likalowa. Kiwiko kilichotoboka nimekiziba kwa uzi mwekundu, wa kijani umeniishia. Usinicheke!

Kila jioni nalifunika bakuli lako la wali na kuliweka chini ya blanketi, pale sakafu inapopata moto wa jiko unaopita chini yake. Anayewekewa wali nyumbani haoni njaa ugenini. Seong-u, mwanafunzi aliyepanga chumba chako, ananisumbua: "Dada, mwenyewe hayupo, nipe mimi!" Nimemchapa na mwiko.

Dada yako,
Ok-rye

Kambini, 22 Aprili 1980

Dada yangu,

Shikamoo. Kifua kimepoa? Mimi mwili mzima, usingizi ndio sina. Miezi hii tunafundishwa rungu kuliko bunduki. Sajini anasema adui amejificha mjini, kavaa kiraia. Mji gani, hasemi. Ukiuliza, unakula kipigo.

Naogopa, dada. Kupigwa nimeshazoea. Naogopa jinsi mkono wangu unavyoinuka wenyewe nikisikia filimbi. Ukiona watu wamejaa barabarani, pita kwingine.

Mdogo wako,
Pil-ho

Gwangju, 19 Mei 1980

Pil-ho,

Leo salamu zimenishinda. Askari wa miavuli wameingia mjini na wanampiga kila kijana wanayemwona. Jana Seong-u aliingia kwa mlango wa jikoni, shati lote damu, na wala hakuwa kwenye maandamano ya wanafunzi, alikuwa anatoka kwa kinyozi! Nilimpa wali wako. Nikamvalisha sweta lako. Asubuhi akasema, "Dada, naenda kijijini kumtoa mama yangu wasiwasi, mchana nimerudi." Sasa giza linaingia na hajaonekana.

Wewe pia ni askari wa miavuli. Niambie uko mbali. Niambie uko mpakani kaskazini, popote, mradi si hapa.

Dada yako

Kambini, 20 Juni 1980

Dada,

Shikamoo. Sijui kama utaiitikia. Barua yako nimeipata juzi tu, na hii naituma kwa mkono wa mwenzangu anayekwenda likizo, isije ikafunguliwa.

Nilikuwa hapo. Karibu na kituo cha mabasi tulimkuta kijana amejikunja ukutani. Nilikuwa nimeshampiga, dada, si mara moja. Nikamshika kiwiko nimvute, nikauona uzi mwekundu. Nikapiga kelele, "Huyu mwacheni!" Wenzangu walicheka, wakamtupa kwenye lori. Sijui aliko. Silali, silii, nimekuwa kama gogo.

Julai napewa likizo. Nije?

Pil-ho

Gwangju, 2 Julai 1980

Pil-ho,

Marahaba. Barua yako niliificha ndani ya mtungi wa maharage, kila mlango ukigongwa nikidhani wamekuja kuichukua.

Seong-u yu hai. Wamemwachia wiki iliyopita. Jicho la kushoto halioni. Sweta amelirudisha, amelifua mwenyewe. Ameniuliza, "Dada, askari mmoja alinishika kiwiko akaita 'dada, dada' huku akilia. Alikuwa anamwita nani?" Nikainama kuosha vyombo.

Unasema hulii. Yeye anasema ulilia. Namwamini yeye.

Njoo. Wewe ni damu yangu, nitakutupa wapi? Siku hizi chini ya blanketi kuna mabakuli mawili, lako na lake, na nitakaa katikati yenu mkila. Yatakayosemwa utayasema wewe mwenyewe, kwa kinywa chako.

Lakini nakuomba kitu kimoja. Vua buti mwanzo wa kichochoro, uje peku. Seong-u akisikia buti, anaingia kabatini na kufunga mlango.

Nami huingia naye.

Dada yako,
Ok-rye