Ni Nani Aligongaka Misumari

Butembo, tarehe 9 mwezi wa kumi na moja

Kwa Mama yangu mupenzi, kule Beni,

Nakusalimia sana katika jina la Bwana. Magoti yako inaendelea namna gani na hii baridi ya mvua? Baba je, kikohozi ilimuacha? Sisi huku tuko bazima, Mungu anatulinda. Octave ameanza masomo, na anaandika jina yake kila fasi, mpaka ku ukuta ya jikoni. Elikia ameota meno mbili ya chini na anauma kila kitu, ata mukono ya mutu anayemubeba. Mimi peke njo nimechoka kidogo, lakini ni uchovu ya batoto, haiko ugonjwa. Usihangaike.

Nakuandikia barua juu kwa telefone hatumalizaka maneno. Unité ya kupiga inakatika, ao Elikia analia, ao wewe unaniuliza kama nimekula na tunabakia pale pale. Neno ya leo inaomba mutu akae chini. Kamata miwani yako, Mama, ukae.

Habari ya kwanza ni ya furaha: nyumba yetu haivuje tena! Juzi mvua ilinyesha tangu saa sita mpaka saa kumi, ile mvua yetu inayofukuza batu ba pikipiki bote chini ya baraza za maduka, na ndani hakukuanguka ata tone moja. Octave alizunguka chumba kwa chumba na basini ku mukono, akitafuta fasi ya kuitia. Akakosa. Akakuja kuniuliza sasa basini inafanya kazi gani. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Unajua vile tulikuwa tunaishi. Tuliingia mu nyumba mbele iishe, sawa batu mingi ba hapa, tukasema tutamalizia kidogo kidogo tukiwa ndani. Kumbe mutu akisha kuingia, anazoea. Mulango ya nyuma ulilazimika kuiinua na muguu kusudi ifungike. Robinet ya inje tuliifunga na kipande ya mupira ya baiskeli, na jirani akikuja kuomba maji tunamufundisha kwanza namna ya kuifungua. Kulikuwa kiti moja ya muguu ya kuvunjika, ya kuegemea ku ukuta, ya kutazama tu, na siku pasta alitutembelea aliikalia kabla mutu aseme neno, akaenda nayo chini. Kila juma tulisema juma kesho tutaita fundi. Mais fundi naye unamuogopa. Unamuita kwa kitu moja, anaangalia yote, anatikisa kichwa, anauliza nani alijenga hii nyumba. Unajisikia sawa mutu amekuvulisha nguo mbele ya batu. Donc unasema tuvumilie, mulango si inafungika?

Ya mubaya kupita ilikuwa manjanja, ile mabati ya juu ya nyumba. Ilianza na tundu moja ku salon. Kisha mbili, kisha ine. Kitanda yetu tuliihamisha mara tatu, mpaka siku moja bwana yangu Kambere aliamka akaingia na kichwa mu kabati, juu alisahau mulango iko upande gani.

Hiyo unaijua mwenyewe. Mwezi wa ine, ulipokuja kumuona Elikia akiwa angali mwekundu, mvua ilikukuta ku meza. Ulikuwa umefumba macho unaombea chakula, na maji ikaanguka ku kitambaa yako ya kichwa, kisha ndani ya bakuli ya sombe. Ulimaliza sala vizuri, ukasema amina, kisha ukamuangalia Kambere. Ulimwambia mutu anayeuza misumari kutwa nzima mu quincaillerie, na musumari moja inamushinda kwake, afadhali auze nyanya. Ulimwambia ulimupatia binti, hukumupatia bata wa kukaa mu maji. Majirani benye tuliita kula pamoja nawe bakacheka. Kambere akajibu neno moja tu, kwamba ni kosa yake. Kesho yake ukapanda gari ya Beni, ukisema hautarudia mu hii nyumba mpaka ule bwana ajue kushika nyundo. Sasa ni miezi saba.

Basi, juma iliyopita maji iliingia mu gunia ya unga yote. Kambere alivaa viatu, akaenda, akarudia na muzee Maliro, fundi wa manyumba anayekaa nyuma ya kanisa yetu. Muzee alipanda. Alipapasa musumari moja moja kule juu, mpaka nikaanza kuogopa. Kisha akaanza kucheka, akacheka vile majirani balitoka inje na vijiko ku mikono.

Alituelezea. Manjanja iko na migongo na mifereji. Musumari banaigonga ku mugongo, juu maji haipite pale. Kwetu, misumari yote ya kuongeza iligongwa mu mufereji, kule maji yenyewe inatembea. Musumari moja ya kwanza njo ilikuwa imelegea, ile ya salon, kazi ya dakika tano. Tundu ingine yote tulijitobolea sisi wenyewe. Na misumari ilikuwa imepangwa mustari kwa mustari, kwa hiyo muzee alilalamika kule juu kwa sauti kubwa akiuliza ni nani alipanda hii maharagi.

Kambere akainua mukono. Akasema, ni mimi, muzee.

Batu balicheka mpaka bamoja bakalia. Muzee akaziba tundu zote ile siku. Tangu ile siku banamuita Fundi Maharagi. Ata mu quincaillerie bateja banamuuliza kama hiyo misumari inaota mu wakati wa kiangazi ao wa mvua. Anacheka nabo, anapima misumari, anafunga mu karatasi.

Mama, hakuwa yeye. Ni mimi njo niligonga.

Unajua patron yake anamutumaka Alimbongo na bidhaa, siku tatu ao ine. Mu mwezi wa kumi na mbili, Kambere akiwa kule, maji ilianza kuanguka ku kitanda ya Octave, juu wakati ule alikuwa analala ku salon. Nikaazima ngazi kwa jirani. Nilikuwa na Elikia ndani ya tumbo, miezi sita. Usitupe barua chini, soma kwanza. Niliangalia fasi manjanja inagusa mbao, nikaona ni mu mufereji, nikawaza musumari itashika pale kwa nguvu. Nani angenifundisha? Wewe ulitukatazaka kupanda juu ya nyumba tangu tukiwa badogo, ukisema haiko kazi ya mwanamuke, na mimi sikutaka kuuliza mutu, juu kuuliza ni kuonyesha kwamba nilipanda. Maji ikahamia fasi ingine. Nikapanda tena. Kila safari yake ya Alimbongo, mimi niko juu.

Kambere alipojua, hakupiga kelele. Alirudisha ngazi kwa wenyewe, akasema tutaita fundi. Ni mimi nilikataa. Nilimwambia nimeisha kuelewa, inabakia fasi moja tu. Nilisema vile mara mingi, Mama. Yeye alitaka fundi tangu mwanzo. Na kisha wewe kwenda, nilipanda mara mbili tena, kwa hasira, nikisema nitakuonyesha.

Ile siku ya sombe, nilifungua kinywa nikuambie. Kambere alinikanyaga muguu chini ya meza. Baadaye alinielezea kwamba yeye hawezi kubishana na mama mukwe, na kwamba ukisikia binti yako alipanda juu ya nyumba na mimba, utaumia kuliko kuona nyumba inavuja. Yeye, akasema, atapona. Nikakubali. Kinachonilemea ni hiki: ilikuwa rahisi kukubali. Miezi saba unatupigia telefone, unanisalimia mimi, unasalimia batoto, jina yake hauitaje. Anakaa kando yangu anasikia. Nikikata, ananiuliza Mama anasema nini, na mimi ninamujibu, anakusalimia. Hiyo nayo ilikuwa bongo, uongo yangu mwenyewe.

Siku ya Mungu iliyopita nilisimama mbele ya bamama ba kanisa nikasema ni nani alipanda maharagi. Balinicheka, balinipiga makofi, moja akaniomba nimupandie ndizi juu ya nyumba yake. Nilirudia nyumbani nikiwa mwepesi. Kambere alikasirika kidogo, akasema maneno ilikuwa imeisha, kwa nini naifukua. Nikamwambia haijaisha, ingali Beni.

Sasa Mama, nikemee. Nikemee mpaka uchoke, sitajibu. Lakini usimuombe yeye musamaha, juu akisikia mama mukwe anamuomba pardon atakimbia atuachie nyumba. Kuja tu. Elikia anaanza kutambaa na hakujue. Kama barabara ingali ya utulivu, kuja mbele ya Noeli. Utalala chumba ya mbele, ile kavu. Sasa zote ni kavu, utachagua.

Na ukijibu hii barua, ku enveloppe usiandike jina yangu. Andika ya Kambere. Bapatie yeye ku mukono, afungue yeye, anisomee mimi.

Nisalimie Baba, umwambie asikuulize nimeandika nini mpaka umalize kucheka, kama utacheka. Salimia dada na batoto bake, salimia bote ba kanisa benye bananikumbuka. Octave anakutumia jina yake, ameiandika pale chini yeye mwenyewe, herufi ya mwisho imeanguka mu mustari. Wasingya, aksanti sana, Mama. Mungu akulinde.

Ni mimi mutoto yako,

Joyeuse